Kizuri Kinachofanya Kazi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Samani kwa Nyumba ya Tanga

Kila masika yakipita, malalamiko hurudi yale yale. Kabati limevimba chini na mlango haufungi. Kochi la ngozi bandia linabanduka magamba. Kochi jingine lilifika Ngamiani juu ya guta, likagoma kupinda kona ya ukumbi, likalala barazani. Kitanda cha kupendeza kinalia kila mtu akijigeuza.

Wenye vitu hivi si watu wasiojua uzuri. Walichagua vizuri kwa macho, wakaruka vipimo na maswali. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na hiyo ndiyo sababu ya kukipima kabla hakijajiuza kwako.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpango mmoja: kazi kwanza, nafasi ya pili, mali iliyotumika (yaani mbao, chuma au kitambaa) ya tatu, kisha uzuri uwekwe pale ambapo hautaikwamisha kazi. Kuja mwisho hakuufanyi uzuri kuwa kitu kidogo. Samani ambayo mwenyewe haipendi haifutwi vumbi wala haipakwi vanishi upya, na ikilegea skrubu moja huachwa hadi ivunjike. Lakini hewa ya Tanga ina chumvi, joto na unyevu, na urembo uliobandikwa juu ya mali dhaifu hauvuki misimu mingi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Futi kamba ya mita 5. Ya mita 3 huishia katikati ya ukuta, ukaanza kukisia.
- Daftari, kalamu na chaki ya ubaoni.
- Magazeti ya zamani au maboksi yaliyofunuliwa, na fito mbili tatu.
- Simu yenye tochi.
- Sumaku ndogo, hata iliyotolewa kwenye spika mbovu.
- Pimamaji. La kuazima kwa fundi mwashi linatosha.
- Mizani ya kuning'iniza, au duka la jirani lenye mizani.
- Kitambaa cheupe kilicholoweshwa na kukamuliwa.

## Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike jina la kitu

Ukiandika "meza ya chakula", umekwisha kununua meza ya viti sita kichwani. Andika hivi badala yake: "Watu 7 wanakula pamoja usiku. Wawili ni wazee, hawawezi kukaa chini. Watoto watatu wanaandika kazi za shule baada ya chakula."

Sentensi hiyo inaleta jibu tofauti. Nyumba nyingi za Tanga chakula huliwa juu ya mkeka au jamvi, watu wamezunguka sinia. Meza kubwa ikiingia hapo hugeuka mahali pa kuwekea mikoba na chaja. Wazee wawili na watoto watatu wa kuandika wanahitaji meza ya sentimita 120 kwa 70 tu, na jamvi zuri linabaki kuwa samani kamili yenye heshima yake.

Kwa kila kazi jibu maswali manne: nani anaitumia, mara ngapi, kwa muda gani, na nini kitamwagika juu yake. Swali la mwisho husahaulika, nalo ndilo linaloamua kitambaa na rangi. Mchuzi wa nazi wenye manjano ukidondoka kwenye kitambaa cheupe cha pamba hautoki kirahisi.

Tahadhari kwa vitu vya kazi mbili. Kochi linalogeuka kitanda linafaa kwa mgeni wa siku chache. Likilaliwa kila usiku, bawaba zake ndizo hufa kwanza, na hapo umepoteza kochi na kitanda kwa pamoja.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi tano hadi nane zenye idadi ya watu, na hakuna hata moja iliyotaja jina la samani.

## Hatua ya 2: Pima njia kabla ya kupima chumba

Anza barabarani: geti, mlango wa mbele, ukumbi, kona, mlango wa chumba. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto ina mtego mmoja mkubwa, nao ni kona ya kutoka ukumbini kuingia chumbani.

Pima uwazi wenyewe, mlango ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho. Mlango wa futi 3 ni sentimita 91 kwa jina tu. Ukitoa fremu na unene wa ubao wa mlango, hubaki sentimita 80 na kidogo.

Kochi lina vipimo vitatu: urefu, kina na kimo. Linapita mlangoni ikiwa kipimo kilicho kidogo kati ya kina na kimo kinapungua uwazi kwa angalau sentimita 3. Chukua mfano: kina 95, kimo 85, mlango 80. Halipiti. Lakini kama miguu ya sentimita 10 inafunguliwa kwa skrubu, kimo kinashuka hadi 75 na kochi linaingia. Ndiyo maana swali la "miguu inafunguka?" ni la kuuliza kabla ya bei.

Kwa kona, hesabu za karatasi huwadanganya wengi. Funga fito ziwe na urefu na kina halisi cha kochi, kisha watu wawili wazipitishe kutoka barazani hadi chumbani. Zikigusa ukuta, kochi litakwama.

Kitanda na kabati viwe vya kufunguka. Kabati la milango mitatu lililogongwa misumari likiwa zima hutoka chumbani kwa msumeno.

Ndani ya chumba andika urefu, upana, kimo cha chini ya dirisha, soketi zilipo, mlango unafungukia upande gani, na mapanga ya feni yanaishia wapi. Kuta za nyumba za zamani hazijanyooka. Kwa kabati la kuingia kati ya kuta mbili, pima chini, katikati na juu, kisha fuata namba ndogo kuliko zote.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro wa ukurasa mmoja, na namba ndogo ya kila njia imezungushiwa duara.

## Hatua ya 3: Chora samani sakafuni, uishi nazo siku mbili

Chukua chaki au magazeti, lalisha umbo la kila kitu mahali pake. Kisha piga deki, pokea wageni, tandika mkeka, amsha watoto kwenda shule. Mguu wako utakwambia penye kosa.

Nafasi za kuacha:

- Njia kuu ya kupita: sentimita 75 hadi 90. Njia ndogo kando ya kitanda: 60.
- Kati ya kochi na meza ndogo: 35 hadi 45. Ikizidi hapo kikombe hakifikiki, ikipungua magoti yanagonga.
- Nyuma ya kiti cha meza: 75, ili mtu ainuke bila kumsukuma mwenzake.
- Mbele ya kabati: upana wa mlango wake mmoja, jumlisha 50 za mtu kusimama.
- Kati ya samani yoyote ya mbao na ukuta: 5. Hapa hewa hupita, na hapa ndipo utakapomulika tochi kutafuta njia za udongo za mchwa.

Mwili nao una vipimo. Kiti cha mezani kiwe na kimo cha sentimita 45 na meza 75. Mtu mmoja mezani anahitaji upana wa 60. Kochi la kawaida likae kimo cha 42 hadi 45, na la mzee 45 hadi 48. Makochi mapana yenye kina cha 65 yanapendeza kwenye picha, lakini mtu mfupi akiegemea miguu haigusi sakafu. Kina cha 50 hadi 55 kinawatosha wengi.

Kitanda kipimwe pamoja na godoro. Juu ya godoro pafike sentimita 50 hadi 55 kutoka sakafuni. Godoro la inchi 8 ni sentimita 20, kwa hiyo chaga zikae kwenye 30 hadi 35. Wengi hupima kitanda kitupu, kisha godoro likija wanapanda kama wanapanda dari.

Utajua umefaulu ikiwa siku ya pili hakuna aliyekanyaga chaki bila kukusudia. Anayekanyaga anakuonyesha njia uliyoiziba.

## Hatua ya 4: Chagua mali inayostahimili pwani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi tusiende mbio.

### Mbao

Msaji, unaoitwa pia mtiki, uko karibu: shamba la Longuza wilayani Muheza ni la miti hiyo. Una mafuta ya asili, hausumbuki sana na maji, na moyo wake hauliwi na mchwa kirahisi. Mninga husinyaa na kuvimba kidogo kuliko mbao nyingi, kwa hiyo unafaa milango ya kabati na droo. Mvule na mkongo ni imara kwa miguu ya kitanda na samani za baraza. Kwa mbao za miti ya asili omba risiti, na uulize kama mzigo una kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Jina la mti peke yake halitoshi. Mti mmoja una moyo wenye rangi iliyokolea, na ngozi ya nje, yaani mbao changa iliyo chini ya gome, yenye rangi hafifu. Wadudu wa kubungua hupenda hiyo nyeupe, hata kwenye mninga. Fundi akificha kipande cheupe chini ya rangi ya kukoleza, miezi michache baadaye utaona unga mwepesi sakafuni. Geuza samani, mulika ndani na chini ambako rangi haikufika.

Mwembe una mistari mizuri sana na bei nafuu, lakini bila dawa wadudu huumaliza. Mkaratusi hupinda na kupasuka. Paini inafaa kwa rafu za ndani zisizogusa sakafu. Onyo: usikubali mbao za paa zenye rangi ya kijani ya dawa zitumike kwa meza ya chakula au kitanda cha mtoto.

Ukavu una uzito kuliko jina. Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Meza ya ubao mtupu yenye upana wa sentimita 90 inaweza kucheza milimita 5 hadi 10 kati ya masika na jua la Februari. Ubao wa inchi 1 uliopangwa kivulini, wenye vijiti vya kupitisha hewa kati ya ubao na ubao, huhitaji miezi 3 hadi 6.

Huna kipima unyevu? Omba kipande cha sentimita 10, kipime kwa mizani ya jikoni, kiache ndani ya nyumba wiki mbili, ukipime tena. Gramu 200 zikishuka chini ya 190, mzigo ule bado mbichi.

### Mbao za kiwandani

Plaiwudi ya milimita 18 ni mali nzuri kwa kabati. Zile za unga wa mbao uliogandamizwa, ambazo mafundi huziita MDF, na zile za chembechembe, zina adui mmoja anayeingia kila asubuhi: deki. Maji hunyonywa kwenye kingo za chini, ubao unavimba kama mkate, na karatasi ya juu inabanduka. Haurudi tena.

Ukizinunua kwa sababu ya bei, zikae juu ya miguu ya mbao, chuma au plastiki yenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, na kingo zote zifunikwe, pamoja na za chini. Skrubu iliyokwisha kutoka kwenye ubao wa aina hii haishiki vizuri tena, kwa hiyo usihamehame nazo.

Rafu ya plaiwudi ya milimita 18 isizidi sentimita 80 bila nguzo, na ya chembechembe 60. Ikizidi, italala katikati kama bembea.

### Chuma

Karibu na bahari, kama Raskazone, bomba lililopakwa mng'ao wa kioo hutoka vidonda vya kutu. Weka sumaku kwenye kitu kinachoitwa chuma kisichoshika kutu. Ikivuta kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa, au daraja la chini linaloharibika mapema. Bomba la kupakwa rangi linakubalika likiwa na praima na rangi mbili juu yake. Angalia ncha za miguu: ziwe na vifuniko vya plastiki, la sivyo maji ya deki yanapanda ndani na kutu inaanzia pasipoonekana.

Skrubu za chuma cha kawaida kwenye mbao nzito zenye unyevu huacha doa jeusi. Kwa samani za barazani sisitiza skrubu na bawaba za shaba au zisizoshika kutu.

### Kitambaa, sponji na nyuzi

Ngozi bandia hunata kwenye ngozi ya mtu wakati wa joto, na unyevu huvunja tabaka lake la juu. Mahameli inapendeza jioni, mchana inashika joto na vumbi. Kwa sebule ya familia kitambaa kizito cha pamba iliyochanganywa, chenye zipu ili kivuliwe na kufuliwa, kinashinda vyote viwili. Foronya isiyovuliwa ni uzuri wa mwaka mmoja.

Sponji ipimwe, isiminywe tu. Kipande cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa 10 kikiwa na uzito wa karibu kilo 1.1, hiyo ni sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, inayofaa kukaliwa. Kikiwa na gramu 650, ni ya 18, nayo huzama haraka. Sponji nyepesi itumike kwenye mgongo wa kochi, ambako uzito ni mdogo.

Zulia la mkonge linapendeza na linapitisha hewa chini ya miguu, lakini maji huliachia madoa na kulikunja. Liwekwe chumba cha kulala, mbali na mlango wa bafu. Mkeka wa ukili unasamehe zaidi. Uinuliwe, upigwe vumbi, uanikwe kivulini.

## Hatua ya 5: Uweke uzuri mahali pake

Hii ndiyo hatua inayotenganisha nyumba nzuri na nyumba iliyojaa vitu vizuri.

Gawa kila samani katika sehemu tatu: inayobeba, inayoguswa na inayotazamwa. Inayobeba ni miguu, fremu, viungo. Inayoguswa ni kikalio, mkono wa kiti, uso wa meza, kishikio cha droo. Inayotazamwa ni mgongo wa kitanda, uso wa mlango wa kabati, kitako cha taa.

Fedha ianze kwenye inayobeba. Ulaini uwe kwenye inayoguswa. Nakshi ziende kwenye inayotazamwa tu.

Mfano ni kitanda cha samadari. Nakshi upande wa mchagoni, juu ya kimo cha mto, zinaonekana kutoka mlangoni na hazimchomi mtu. Nakshi hizo hizo zikishuka kwenye mfumbati, yaani ubao wa ubavuni mwa kitanda, zinakwaruza paja kila mtu anapokaa na kunasa chandarua. Tendegu, yaani mguu wa kitanda, lililochongwa kiuno chembamba sana ni uzuri ulioibia kazi: pale penye kiuno ndipo litakapovunjika. Kiuno kisipungue sentimita 5 kwa mbao ngumu.

Kwa kabati, toboa nakshi zipitishe hewa. Matundu ya urembo juu na chini ya mlango yanapendeza, na yanazuia ukungu kwenye nguo. Hapa uzuri na kazi ni kitu kimoja, na fundi anayeweza kukupa jambo la namna hii anastahili kulipwa zaidi.

Nakshi za kina kirefu zisiwekwe mlalo. Kwenye uso wa meza hukusanya sukari, sisimizi na mafuta. Uso wa meza uonyeshe uzuri wa ubao wenyewe.

Kuhusu rangi, chumba kimoja kitawaliwe na rangi moja ya mbao. Nyingine iwe ndogo na tofauti waziwazi. Mninga na msaji zikikaribiana sana bila kufanana, chumba huonekana kama cha kuazima vitu. Samani yenye miguu inayoonyesha sakafu chini yake hukifanya chumba kidogo kipumue, na fagio linapita. Samani nene inayogusa sakafu iwe moja tu. Pia acha ukuta mmoja mtupu. Watu huuogopa ukuta mtupu, kumbe ndio unaofanya kitu kizuri kilicho mbele yake kionekane.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa kila urembo: hauguswi na mwili, haushiki maji, na haukupunguza unene wa kinachobeba.

## Hatua ya 6: Kagua kwa mkono

Nenda mchana, si usiku. Taa za dukani hulainisha kila kasoro.

1. Tikisa kwa mshazari. Shika kona ya juu, sukuma kuelekea kona ya pili. Fremu ikicheza sasa, italia nyumbani. Sababu kubwa ni viungo vya misumari mitupu. Kiungo kizuri kina ulimi wa ubao mmoja unaoingia kwenye tundu la mwingine, pamoja na gundi.
2. Kalia, inuka, egemea, kwa dakika 10. Muuzaji atangoja.
3. Vuta droo zote. Droo ikitoka robo tatu isiinamishe kichwa. Kitako chake kiwe ndani ya mfereji, si kimepigiliwa kwa chini.
4. Fungua droo zote kwa pamoja, sukuma kabati kidogo. Likiinama mbele, ni hatari kwa mtoto. Kabati refu lifungwe ukutani kwa kona za chuma.
5. Futa kwa kitambaa kibichi mahali pa siri. Rangi ikihamia kitambaani, itahamia kanzu na shuka.
6. Hesabu chaga. Kwa godoro la sponji nafasi kati ya chaga isizidi sentimita 8. Kitanda cha 5 kwa 6 na 6 kwa 6 kiwe na boriti ya katikati yenye mguu wake. Bila mguu huo chaga huinama, na godoro hushika bonde.
7. Pima nafasi ya godoro. Godoro la 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183. Ndani ya kitanda pawe na 2 za ziada kila upande, la sivyo utatandika kwa kucha.

Kabati la nguo likipita vyote hivyo, bado pima kina cha ndani. Henga inahitaji 55. Makabati mengi ya kupendeza yana 45, na mlango unabana mikono ya mashati. Kwa kanzu, buibui na magauni acha kimo cha 150 chini ya bomba.

## Hatua ya 7: Mwandikie fundi agizo, usimwonyeshe picha peke yake

Picha inaonyesha sura, haionyeshi unene. Fundi mwema akipewa picha tupu na bei ya chini atakupa sura ile ile kwa mbao nyembamba, wala hakukosea. Agizo liwe hivi:

*"Kitanda 5 kwa 6, mninga, moyo tu. Matendegu inchi 3 kwa 3. Mifumbati inchi 1½ kwa 8. Chaga inchi 1 kwa 3, nafasi sentimita 7. Boriti ya kati na mguu. Mifumbati ifungwe kwa bolti, ifunguke. Nakshi mchagoni tu, kuanzia sentimita 40 juu ya chaga. Msasa hadi namba 240. Vanishi mara tatu, pande zote, pamoja na chini."*

Maneno "pamoja na chini" yana sababu. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande mwingine na kupinda kama bakuli. Nyayo za miguu zipakwe hasa, kwa kuwa nyuzi za mbao zilizokatwa mwisho hunyonya maji kama mrija.

Malipo yagawanywe: ya mbao, ya samani ikiwa haijapakwa, na ya mwisho. Ukaguzi wa katikati usiruke. Vanishi na lipu ya unga wa mbao hufunika ngozi nyeupe, nyufa na viungo vilivyoachana. Nenda uione ikiwa tupu, mulika tochi, ndipo uruhusu ipakwe.

## Hatua ya 8: Kuingiza ndani na masika ya kwanza

Samani isafirishwe imefunguliwa, kingo zikiwa zimefungwa maboksi. Ikifika, tumia pimamaji. Mguu mmoja ukiwa juu, weka kipande cha mpira chini yake, usikate mitatu. Sakafu ndiyo iliyopinda mara nyingi.

Baada ya mwezi kaza bolti zote, kwa sababu mbao imetulia na kuachia kidogo. Kila mwezi mulika nyuma na chini: njia za udongo ni mchwa, unga mwepesi ni wadudu wa kubungua. Sehemu iliyoshambuliwa ipakwe dawa ya mbao ya ndani ya nyumba. Mafuta machafu ya gari yasitumike ndani. Yananuka, yanachafua nguo, na si mazuri kwa afya ya wanaolala hapo.

Masika yakikolea, mlango wa kabati la mbao utabana. Fundi atakuja na randa, atapunguza milimita chache, na mlango utafunga vizuri siku ile ile. Mkatalie. Kaskazi ikivuma Januari ubao utasinyaa na mlango utabaki na mwanya usiozibika. Paka mshumaa kwenye kingo zinazosuguana, acha mlango wazi mchana hewa iingie, na randa isubiri. Ukiona bado unabana hata Februari, hapo ndipo uitwe fundi.